Neno Moja la Mbuzi na la Mtoto

Barua ilinifikia shuleni siku ya Alhamisi, wakati wa mapumziko, ndani ya bahasha iliyolegea kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Aliyeileta ni mama mmoja wa Kazimia ambaye hupanda boti kila wiki kuleta samaki Baraka. Tulikuwa tumeonana mara moja tu kabla ya hapo. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo alikuja kumwandikisha binti yake katika sekondari ninayofundisha, akanikuta nimesimama mlangoni mwa ofisi ya prefe, mkuu wetu, akanitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaniuliza ni nani aliyenizaa.

Kwetu swali hilo halimshangazi mtu. Unaulizwa ukoo wako kabla ya kuulizwa kazi yako. Ila jibu langu si fupi. Nilimweleza kwamba mama aliyenilea ni mtu wa Ubwari na ninaishi naye hapa Baraka, na kwamba yule aliyenizaa alivuka ziwa mwaka wa vita, mimi sijatimiza miaka mitatu, na tangu siku hiyo hatukusikia habari zake. Yule mama akashika mdomo. Akasema kwamba kambini, ng'ambo ya Tanzania, alikaa miaka mingi mlango kwa mlango na mwanamke anayekunja midomo kama mimi anaposikiliza. Mwanamke huyo baadaye alipelekwa Amerika pamoja na mwanawe. Akaniuliza kama anaweza kutuma habari. Nikamwambia atume.

Jioni nikala bugali na sombe ya majani ya mihogo pamoja na Mama, tukaongea habari za mvua na za jirani aliyejifungua. Juu ya yule mama wa Kazimia sikusema kitu. Sikusema siku ile wala katika miezi mitano iliyofuata. Nilijiambia kwamba nangoja kwanza nipate uhakika, lakini kwa kweli niliogopa uso wake utakavyokuwa.

Sasa barua ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa imebebwa na jamaa mmoja aliyetoka Amerika kuja msibani. Ikapita Uvira, ikapita hapa hapa Baraka bila mimi kujua, ikafika Kazimia, halafu ikarudi kwa boti. Nilisimama nyuma ya darasa, mahali wanafunzi wanapoegemeza baiskeli, nikaifungua.

Ilikuwa karatasi moja, imepigwa kwa mashine, Kiingereza kitupu. Aliyeandika alijitambulisha kuwa mdogo wangu, yule aliyekuwa kichanga mgongoni mwa mama siku ya kuvuka. Alisema kwamba mama yetu hajui kuandika, na yeye mwenyewe hajawahi kuandika barua kwa Kiswahili, kwa hiyo anaandika kwa lugha anayoandikia kazini. Maneno yafuatayo, alisema, ni ya mama, na hayakuelekezwa kwangu. Yameelekezwa kwa mwanamke aliyenipokea.

Yalikuwa mistari mitatu. Wa kwanza ulisema: "You kept my daughter." Wa pili ulisema jambo lile lile, ukiongeza kwamba imekuwa hivyo miaka yote hii. Wa tatu ulisema kwamba hata ndugu yake huyo mama alipokuja, imekuwa hivyo hivyo. Chini yake kulikuwa na picha ya mwanamke mnene kidogo aliyefunga kilemba cha kijani, na namba ya simu.

Nafundisha Kiingereza mwaka wa tisa sasa. Neno hilo keep nalijua tangu kidato cha kwanza, na ni moja ya maneno ambayo mwalimu huyapita haraka kwa sababu kila mtu hudhani anayajua. Nililisoma mara tatu, nne, na kila mara lilinigeuzia uso mwingine. Ulimtunza binti yangu. Ulibaki na binti yangu. Ulimzuia binti yangu. Hapakuwa na asante mahali popote. Na huyo ndugu aliyekuja, sikuwahi kusikia habari zake.

Kisa cha kuachwa kwangu nilikijua tangu utotoni, maana Mama hakunificha kwamba sikutoka tumboni mwake. Alikuwa akinisimulia ananisuka, na mimi nikiwa siwezi kugeuza kichwa. Mwaka ule, alisema, watu walimiminika Ubwari kutafuta chombo cha kuvukia. Yeye alikuwa akianika ndagala, visamaki vidogo vya ziwa letu, kwenye mchanga karibu na pale boti zilipopakia. Akamwona mwanamke kijana mwenye kichanga mgongoni na mtoto mwingine mkononi. Mtoto wa mkononi alikuwa mimi. Nilikuwa na surua, macho yameshikamana, mwili unawaka. Mwenye boti akakataa kunipakia. Ndani mlikuwa na watoto wengi, na surua moja ingewamaliza wote. Waliokwisha kukaa wakamuunga mkono. Yule mwanamke akapanda, akashuka, akapanda, akashuka tena. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika upande wa milima.

Mwishowe akaja moja kwa moja kwa Mama, mtu asiyemjua. Labda, Mama alisema, ni kwa sababu wengine wote walikuwa wanakimbia na yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anageuza samaki. Akanilaza juu ya kikwembe, kitenge cha kujifunga, miguuni pake, akataja jina langu, akasema ni wiki moja tu. Boti ikaondoka.

Mama alikuwa ameolewa zamani akarudishwa kwao kwa sababu ya kutozaa. Aliniosha macho kwa maji ya chumvi, akaninywesha uji kwa kidole, akanilaza kifuani. Wiki ikapita, na mwezi, na mwaka. Nilipomaliza shule ya msingi na pale kijijini hakukuwa na pa kuendelea, aliacha uanikaji wake, akafunga vyombo viwili, tukapanda boti mpaka Baraka. Akapanga chumba, akaanza kutwanga majani ya mihogo na kuyauza sokoni ili mimi nisome. Hapo ndipo nilipokutana na Kiingereza, katika diksionere, kamusi isiyo na jalada ambayo mwalimu mmoja aliniachia alipohama.

Jumamosi alasiri nilimkuta uani anachambua maharagwe kwenye lungo. Nilikaa karibu naye. Nilimweleza kwanza juu ya yule mama wa Kazimia, na kwamba nilinyamaza miezi mitano, na kwamba naomba anisamehe. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na kazi. Halafu nikamwambia kuna barua, na imetoka kwa nani. Vidole vikasimama. Akafuta mikono kwenye nguo.

"Soma," akasema.

Siku mbili nilikuwa nimetafuta kitenzi cha kumfikishia, na nilichagua kile nilichodhani hakina ubaya wala uzuri, ili nisiongeze langu. Nikasoma: Ulibaki na binti yangu. Miaka hii yote ulibaki naye. Hata ndugu yangu alipokuja, ulibaki naye. Nilipoyasikia maneno hayo kwa sauti yangu mwenyewe nilijua nimekosea. Yalikuwa makavu kama ya karani wa mahakama.

Mama akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akauliza kama yule mwanamke ana hasira. Nikasema sijui, neno lenyewe lina njia nyingi. Nikamweleza, kama ninavyoeleza darasani, kwamba Waingereza hulitumia kwa mtu anayefuga mbuzi, na kwa anayetunza siri, na kwa anayetimiza ahadi, na pia kwa anayekataa kurudisha kitu cha mwenyewe.

"Bazungu biko na neno moja ya mbuzi na ya mutoto?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi anasema mi nilikatala kukurudisha."

Nikamwuliza ni ndugu gani anayetajwa pale. Alivuta lungo karibu, akaendelea kuchambua, lakini niliona anatupa maharagwe mazima pamoja na mabovu.

Kesho yake, Jumapili, hakwenda kanisani. Ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na hata akiwa na malaria huenda. Nilikwenda peke yangu, na walioniuliza niliwajibu kwamba amechoka. Niliporudi nilimkuta amefagia ua, ameweka vigoda viwili kivulini, amekaa kwenye kimoja. Akanionyesha kingine.

Aliniambia kwamba nilipokuwa na umri wa miaka saba hivi, mtu mmoja alishuka kijijini na boti ya asubuhi, akawa anauliza ufukweni juu ya mtoto wa surua aliyeachwa mwaka wa vita. Jirani alikimbia kumtonya Mama. Mama alijaza viazi vitamu kwenye sufuria, akanitwika, akaniambia nimfuate jirani huyo mpaka mashambani kwake kule mlimani, nisaidie kulinda mihogo isiliwe na nguruwe, na tusishuke mpaka atume mtu. Kisha akakaa mlangoni kumngoja mgeni.

Siku hizo mbili za mlimani nazikumbuka. Nazikumbuka kama siku za raha. Tulichoma viazi, tukalala kwenye kibanda cha majani, na kutoka kule juu niliona ziwa pande zote mbili za Ubwari, na boti moja ikiondoka, ndogo kama kiatu cha mtoto. Nilimwonyesha jirani. Akaniambia niendelee kula.

"Nilimwambia umekufa," Mama akasema. "Nilisema ulikufa siku ya tatu, tukakuzika. Nilikuua na mudomo yangu."

Akasema tangu siku ile, kila nilipopata homa, aliona ni lile neno linakuja kudai. Akasema mara nyingi alitaka kuniambia, nilipobatizwa, nilipopata diploma, na kila mara alijiona amechelewa zaidi kuliko mara iliyotangulia. Hakulia. Alikuwa ameweka mikono magotini kama mtu anayengoja zamu yake zahanati.

Nilimwuliza swali moja tu, kama yule mtu alitaja jina langu. Akasema alilitaja.

Niliondoka nikatembea mpaka ziwani, nikasimama pale watu wanapofulia. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi na nilikuwa namlilia mtu ambaye sikumwona, aliyepanda boti kuja kunitafuta na akarudi na habari ya kaburi. Sikuwa na hasira ya kupiga kelele. Ilikuwa ile hasira ya upole ambayo ni mbaya zaidi. Siku tatu nilimsalimu Mama, nikampikia, nikamtekea maji, nikamjibu kila alichouliza, basi. Usiombe kuishi hivyo na mtu anayekupenda.

Jumanne nilikuwa na somo na darasa la nne la sekondari. Badala ya funzo lililopangwa niliandika neno lile ubaoni, nikawaambia kila mmoja anipe sentensi. Walifurahi, maana wanalijua. Mmoja akasema baba yake anafuga mbuzi. Mwingine akasema yeye huwa hanyamazi darasani, wenzake wakacheka. Mwingine akasema samaki mkavu hukaa mwezi mzima bila kuharibika, na hilo nalo kwa Kiingereza ni keep. Tulipata ahadi, siri, chenji, daftari la mahudhurio, mtu anayechelewesha wenzake. Ubao ulikuwa unajaa. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wazazi wake walifia njiani kutoka milimani, akasema, "My grandmother keeps me." Darasa likaangua kicheko kwa sababu ya wale mbuzi. Mmoja akasema kwa Kiswahili kwamba bibi yake anamfuga. Msichana hakucheka wala hakukasirika. Akasema ndiyo, ananifuga, ananilisha, na nikipotea ananitafuta.

Niliwaambia kwamba sentensi hiyo ni sahihi. Nikageukia ubao nikawa nafuta pole pole sehemu ambayo haikuhitaji kufutwa.

Njiani kurudi nyumbani niliona nimekuwa mjinga. Nilikuwa namhukumu mwanamke mmoja kwa neno la mwanamke mwingine, na neno lenyewe halikuwa lake, lilikuwa la mwanawe, na hata hilo nililigeuza mimi. Diksionere haingeweza kunisaidia. Kilichobaki ni kumwuliza aliyesema. Jumatano mchana, huko kwao kukiwa asubuhi, niliweka mega za intaneti kwenye simu, nikapiga ile namba.

Mdogo wangu aliitikia kwa Kiingereza. Nilipojitaja akahamia Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa miaka kumi, umri aliokuwa nao walipoondoka kambini. Alisema "shikamoo dada" kwa namna ya watoto wa Tanzania, haraka, kama wanavyosema wakipita. Nilicheka bila kutarajia. Tulipoulizana habari zote, nilimwuliza juu ya ile mistari mitatu.

Akasema mama alisema kirefu zaidi. Akasema alijaribu mara nyingi na alifuta mara nyingi, na mwisho akaandika kwa ufupi kwa sababu barua ndefu ya Kiingereza ilimtoa jasho kwa mambo ya aina hii. Kazini huandika juu ya makasha na malori. Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa, na kiti kikivutwa. Akaniuliza kama anipe mama. Nikamwambia hapana, si sasa. Nikamwambia maneno yale yalielekezwa kwa mama yangu wa hapa, kwa hiyo tungoje Jumamosi, niwe naye kando yangu.

Nilimweleza Mama. Jumamosi ilipofika aliamka akaoga, akavaa kikwembe chake cha Pasaka na kilemba chake, akakaa sebuleni amenyooka kama anayepigwa picha. Niliweka simu juu ya beseni lililofudikizwa, kati yetu, nikafungua sauti.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu wa kwetu. Sijui nilitegemea nini. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo mbali, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Fizi, na "mutoto" na "batu" zake zote. Akamsalimu Mama kabla ya kunisalimu mimi. Akamwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa.

Mama hakumwacha aendelee. Alikuwa amejiandaa wiki nzima na aliogopa kupoteza nguvu.

"Dada, mbele ya yote," akasema, "ule ndugu yako alikuja, na mi nilimwambia mutoto amekufa. Nilidanganya. Alikuwa muzima, nilimuficha mulimani."

Nilisogeza simu karibu zaidi naye.

"Najua, yaya," sauti ikasema. "Aliona kanguo ya mutoto kwenye kamba, bado inatona mayi. Alirudi akaniambia, mutoto iko, na ule mama anamupenda, sababu amenidanganya."

Mama aliweka kiganja juu ya kifua. Yule mwingine akaendelea kusema, taratibu, na mimi nasimulia kama nilivyosikia. Alisema kwamba ndugu yake alikuwa tayari kurudi na watu wengine kunichukua. Yeye mwenyewe alitaka kuja. Lakini mwezi ule kipindupindu kilikuwa kambini, na katika safu yao ya mahema walizika watoto kila siku. Alikuwa na mtoto mmoja na alishindwa kumshibisha. Alikaa siku nne akiwaza juu ya ile nguo iliyokuwa kambani. Ilikuwa imefuliwa, alisema. Mtu anayefua nguo ya mtoto wakati wa vita si wa kunyang'anywa. Akamwambia ndugu yake asirudi.

"Mi ndiye nilisema abaki," akasema. "Wewe haukunikatalia. Ulinichungia."

Hapo nikaelewa. Kwetu kuchunga ni kulinda, ni kukaa na kitu ili kisipotee. Lakini yeye hakusema ulimchunga. Alisema ulinichungia, yaani ulifanya kazi hiyo kwa ajili yangu, mimi nikiwa siwezi. Sauti ya mdogo wangu ikaingia kwa mbali, ikisema kwa Kiingereza kwamba kweli alisikia hivyo, na aliandika "for me" halafu akaiondoa, aliona sentensi inapendeza zaidi ikiwa fupi. Nikamjibu kama mwalimu kwamba hayo maneno mawili yangetuokolea wiki nzima. Nikasikia aibu yake, nikasikitika kumsema hivyo, maana ndiye aliyehangaika kuandika.

Mama alikuwa analia sasa, bila kujificha, na yule mwingine pia. Mimi nilikuwa katikati. Ndani ya siku saba nilikuwa nimejua kwamba mama mmoja alitangaza kifo changu na mwingine alikubali nibaki nilipo. Ningeweza kuumia, na kweli palikuwa na mahali pameuma. Nilipopewa nafasi nilimwuliza yule aliyenizaa kama baada ya hapo aliwahi kufikiria kuja.

"Kila boti," akasema.

Sikuhitaji zaidi.

Baadaye siku ile, tulipokuwa tunakula, nilimwambia Mama kwamba yale mambo ya siku tatu, ule upole wangu wa baridi, anisamehe. Akasema alidhani nitahama. Akasema alishahesabu vyombo ambavyo angenipa. Nikamwuliza ningehamia wapi. Akasogeza bakuli la samaki upande wangu, na Jumapili alirudi kwenye kwaya.

Mdogo wangu alianza kuuliza habari za karatasi za kunipeleka huko. Nilimwambia ningependa kwenda kuwaona, siku ambayo njia itafunguka na likizo itatosha, ila nina madarasa manne na nina mtu wa kuchunga. Mama yetu ana miguu mibaya na daktari wake hataki asafiri. Labda tutaonana, labda sivyo. Tumekubaliana, mdogo wangu na mimi, kwamba kila wiki ananiandikia kwa Kiswahili nami namwandikia kwa Kiingereza. Barua zake za kwanza zilikuwa na makosa ya kuchekesha. Mara moja aliniandikia kwamba anafuga gari jekundu. Sikumsahihisha.

Wale mama wawili hawanihitaji tena. Jumapili baada ya ibada Mama hunipa simu nimpigie, kisha ananiondoa kwa mkono kama anafukuza kuku, nao wanaongea. Nikipita na ndoo nasikia vipande. Siku moja walikuwa wanabishana juu ya namna ya kuondoa uchungu kwenye majani ya mihogo, siku nyingine wanataja waliokufa, mmoja anataja wa kambini na mwingine wa Ubwari. Mama amemweleza mambo yangu mengi ambayo sikumruhusu: mchumba niliyemkataa, hesabu iliyonishinda, kwamba nakoroma. Huko upande wa pili kila jambo linapokewa kwa utulivu wa mtu anayekula.

Jumapili iliyopita niliitwa. Yule aliyenizaa alikuwa ameuliza mimi ni mrefu kiasi gani, akasema picha hazionyeshi vizuri. Mama akaniamuru nisimame kwenye fremu ya mlango. Nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha. Akasema simama. Nikavua viatu, nikaegemea mbao, mwalimu mzima na kalamu nyekundu sikioni. Mama akapanda juu ya kigoda, akaweka kiganja bapa juu ya kichwa changu, akakibonyeza kidogo ili nywele zisimdanganye.

"Ananipita kichwa kizima," akasema kwenye simu. "Na mi si mufupi."

Tulimsikia yule mwingine akimwita mwanawe, akimwambia kwa Kiswahili aache anachofanya, aje asimame mlangoni.